Samaki Hufa, Marejesho Hayafi: Mazungumzo Kuhusu Betri ya Akiba kwa Pampu za Matangi ya Samaki

(Maneno ya Kamati ya Miradi mbele ya wanachama na waalikwa, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



   

Risala ya kikundi imekwisha kusomwa. Hesabu za hisa na mikopo mmezisikia kwa Mweka Hazina wetu. Sisi wa Kamati ya Miradi tumeombwa tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni betri ya akiba kwa ajili ya pampu za matangi ya samaki pale umeme unapokatika. Tunajua wapo watakaosema, jamani, siku kubwa kama hii mnatuletea habari za betri? Tunaomba mtuvumilie kidogo. Mwisho wa maneno yetu mtaona kwamba tulikuwa tunazungumzia sanduku letu lenye kufuli tatu.

Zamani mikopo yetu mingi ilikuwa ya mahindi, mchele, vitenge na genge. Siku hizi wapo wenzetu wanaokopa kwa ajili ya samaki. Mmoja ana bwawa la turubai uani, mwingine ana simtanki zilizokatwa juu anakuzia vifaranga vya kambale na sato, na mwingine ameweka tangi la kioo kwenye hoteli yake ili wateja waone samaki wakiogelea wakati wanasubiri chakula. Ni miradi mizuri, na tunaiunga mkono. Eneo linalohitajika ni dogo, mama anaweza kuitunza akiwa nyumbani, na soko lipo. Lakini ni miradi inayotegemea kitu ambacho mahindi ghalani hayakitegemei: pumzi ya kila dakika.

Samaki naye anavuta hewa

Watu wengi hudhani samaki kwa kuwa anaishi majini, basi hahitaji hewa. La hasha. Samaki anavuta oksijeni ileile tunayovuta sisi, isipokuwa yeye anaipata ikiwa imeyeyuka ndani ya maji. Ziwani mawimbi na upepo huichanganya hewa na maji mchana na usiku. Ndani ya tangi hakuna wimbi wala upepo. Kazi hiyo inafanywa na pampu ndogo inayosukuma hewa kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye jiwe la kutoa mapovu. Yale mapovu mnayoyaona si pambo. Ndiyo mapafu ya tangi.

Sasa tuangalie kwetu huku. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na maji nayo hubeba oksijeni kidogo zaidi. Maji ya joto la nyuzi 25 kule pwani, kwa Dar es Salaam au Tanga, yakijaa oksijeni kabisa yanabeba miligramu 8 hivi katika kila lita moja. Maji ya joto hilohilo huku kwetu yanabeba kama miligramu 7 tu. Yaani tunaanza safari tukiwa na akiba pungufu kuliko mfugaji wa pwani. Baridi yetu ya Juni na Julai inatusaidia kiasi, kwa sababu maji baridi hushika oksijeni vizuri zaidi na samaki naye hutulia. Ila mtu anayekuza vifaranga anataka maji ya uvuguvugu ili wakue haraka, na hapo ule msaada wa baridi unaondoka.

Tufanye hesabu kidogo, ya makadirio, ili kila mmoja aione kwa macho yake. Chukua tangi la lita 1,000 lenye miligramu 6 za oksijeni kwa lita. Jumla ni miligramu 6,000. Sato wakifika miligramu 3 kwa lita wanaanza kuteseka, wanapanda juu wakichezesha midomo. Kwa hiyo akiba ya kutumia ni miligramu 3,000. Kilo moja ya sato walioshiba inaweza kutumia miligramu 250 hivi kwa saa. Ukiwa na kilo 2 za samaki ndani ya tangi hilo, akiba inakuchukua saa 6. Ukiwa na kilo 10, inakuchukua saa moja na dakika chache tu. Ni kweli hewa kidogo huingia yenyewe kwa juu ya maji, lakini kwenye tangi lililojaa samaki hiyo haitoshi.

Hebu tafakarini hapo. Umeme ukikatika saa 6 usiku, mwenye kilo 10 akaamka saa 11 alfajiri, atakuta nini? Na usiku ndio wakati mbaya zaidi, hasa kwa mabwawa yenye maji ya kijani. Ule ukijani mchana hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, lakini usiku nao huivuta kama samaki. Ndiyo maana wafugaji wengi hukuta vifo alfajiri.

Wapo watakaosema, mbona kambale hafi? Ni kweli kwa kambale mkubwa. Mungu amempa kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana sokoni unamkuta kwenye beseni lisilo na maji ya maana, bado anapiga mkia. Lakini kifaranga cha kambale hakizaliwi nacho. Kiungo hicho huota baada ya wiki kadhaa, na kabla ya hapo kinakufa kama kifaranga cha samaki mwingine yeyote. Na sisi wengi tunakopa kununua vifaranga, hatununui kambale wakubwa.

Umeme kukatika si jambo la kwetu peke yetu

Akina mama wenzetu, hatukusimama hapa kumlaumu mtu. Umeme hukatika dunia nzima. Watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba zao wana umeme wa uhakika kutuzidi, na bado wengi wao huweka pampu ya betri pembeni, ile inayojiwasha yenyewe mara umeme wa ukutani unapozimika. Na mjue kwamba baadhi ya samaki wanaowalinda kwa gharama hiyo asili yao ni hapa jirani. Wale mbuna wa rangi ya bluu na manjano wanatoka Ziwa Nyasa, ziwa lilelile la Kyela na Matema. Wengine wanatoka Ziwa Tanganyika, tunalolifikia kwa kushuka Kasanga. Samaki hao wamezoea miamba yenye maji masafi yaliyojaa hewa, kwa hiyo mfugaji wa mbali hathubutu kuwaacha saa nyingi bila mapovu.

Hapa nchini tunakumbuka migawo ya umeme ya mwaka 2006 na 2011, na ile ya mwishoni mwa 2023. Tunakumbuka pia usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, ilipotokea hitilafu kwenye Gridi ya Taifa na nchi karibu nzima ikaamkia gizani. Tangu hapo mambo makubwa yamefanyika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yote 9, kila mmoja wa megawati 235, ilikamilika mwaka 2025. Jumla ni megawati 2,115. Ni jambo la kujivunia kwa kila Mtanzania.

Lakini umeme kuzalishwa ni jambo moja, na umeme kufika kwenye soketi ya Tunduma ni jambo jingine. Kati ya Rufiji na sisi kuna nyaya za mamia ya kilomita, kuna nguzo, kuna transfoma, kuna miti na kuna radi. Masika yetu ya kuanzia Novemba mpaka Aprili mnayajua, ngurumo moja tu na mtaa mzima unabaki kimya. Kuna pia matengenezo yanayotangazwa. Na kuna giza la kujitakia: uniti za LUKU kuisha saa 9 usiku wote mmelala. Samaki hajui tofauti. Kwake yeye nguzo kuanguka na uniti kuisha ni kitu kimoja.

Majirani zetu wa ng'ambo walitufundisha jambo mwaka 2024. Zambia ilipata ukame mkali, Rais wao akautangaza kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Maji ya Kariba yalipungua, na umeme wao kwa sehemu kubwa unatokana na maji. Mgawo ukawa wa saa nyingi kwa siku. Wenye saluni, wenye mabucha na wenye mashine za kusaga walilazimika kutafuta sola na betri, tena wakati bei imekwisha kupanda kwa sababu kila mtu anatafuta. Somo lake ni kwamba betri hununuliwa kabla ya giza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Betri ipi, na itadumu saa ngapi

Kosa linaloweza kumponza mtu ni kudhani anahitaji mtambo wa kuwasha nyumba nzima. Haihitajiki taa, haihitajiki friji wala televisheni. Kinachohitajika ni pampu ya hewa tu, na pampu ya hewa hula umeme kidogo sana. Ndogo ya tangi la kioo inakula wati 3 hadi 5. Ya matangi kadhaa inaweza kufika wati 20 au 35. Balbu moja ya zamani ilikuwa inakula wati 60.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Betri huandikwa volti na ampea-saa. Zidisha hizo mbili unapata wati-saa, yaani uwezo wake wote. Kwa betri za kawaida za risasi na asidi, tumia nusu tu ya uwezo huo, maana ukiikamua mpaka mwisho mara kwa mara inakufa mapema. Kisha gawa kwa wati za pampu yako. Jibu ni saa.

Mfano wa kwanza. Betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7, kama zile za mitambo ya kengele za ulinzi. 12 mara 7 ni 84. Nusu yake 42. Pampu ya wati 5 ya volti 12: 42 gawanya kwa 5, unapata saa 8. Hiyo inavusha usiku kwa tangi moja dogo.

Mfano wa pili. Betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 50. 12 mara 50 ni 600, nusu yake 300. Pampu ya wati 20 inayotumia volti 12 moja kwa moja itakwenda saa 15.

Sasa hapa tusikilizane vizuri. Pampu hiyohiyo ya wati 20 ikiwa ni ya umeme wa ukutani, itabidi upitie kwenye inveta. Inveta nayo inakula. Nyingine hula wati 10 hata kama umeichomekea kitu kidogo sana. Basi wati 20 za pampu na 10 za inveta ni 30, na 300 gawanya kwa 30 ni saa 10. Umepoteza saa 5 kwa kulisha inveta. Ukiwa na pampu ya wati 5 kwenye inveta kubwa, inveta inakula kuliko pampu, ni sawa na kukodi fuso lipeleke debe moja sokoni. Kwa hiyo shauri letu ni hili: kama hujanunua pampu, nunua ya volti 12 inayokaa kwenye betri moja kwa moja. Kama unayo tayari ya ukutani, tafuta inveta ndogo kabisa inayoitosha.

Kwa wenye tangi dogo la kioo kuna njia rahisi zaidi. Zipo pampu ndogo zinazotumia waya kama wa kuchajia simu, zinakula wati 1 au 2. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 ina wati-saa 37, na baada ya upotevu unabaki na kama 30. Kwa pampu ya wati 2 hizo ni saa 15. Ila ijaribu kwanza mchana, maana baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe zikiona kinachochajiwa kinavuta umeme mdogo mno. Zipo pia pampu za betri za redio, za kuweka kabatini kwa dharura.

Kuhusu aina ya betri: betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikutengenezwa kutoa kidogokidogo usiku kucha. Ukiitumia kwa kazi hii itakufa upesi. Tafuta betri ya sola. Zile mpya za lithiamu ni ghali zaidi mwanzoni, lakini unaweza kutumia sehemu kubwa ya uwezo wake, asilimia 80 hivi, na hudumu miaka mingi zaidi. Hata hivyo chaja yake lazima iwe ya aina hiyo ya betri.

Namna ya kufunga

Mpango mzuri kuliko yote ni ule ambao umeme ukikatika hakuna mtu anayetakiwa kuamka. Chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa inachomekwa ukutani, inalisha betri, na pampu ya volti 12 inakaa kwenye betri siku zote. Umeme ukiwepo, chaja inarudisha kile pampu inachokula. Umeme ukikatika, pampu haina habari, inaendelea tu. Angalia chaja yako iwe na nguvu kuzidi pampu: pampu ya wati 20 inavuta karibu ampea 2, basi chaja ya ampea 5 inatosha na kubaki. Mwenye paneli ya sola anaweza kuiweka mahali pa chaja, ili mradi awe na kidhibiti chaji.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Pampu ya hewa iwe juu kuliko usawa wa maji. Ikikaa chini, siku ikizimika maji yatarudi kwa mpira, yataingia kwenye pampu, na yataendelea kutiririka sakafuni. Kama haiwezekani kuiweka juu, weka kwenye mpira ile valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi.

2. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri. Waya zikigusana bila fyuzi, moto wake si wa mchezo.

3. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Isikae chumba cha kulala kilichofungwa, wala karibu na jiko la mkaa au mshumaa. Iwe kwenye sanduku lenye matundu, juu ya ubao, mbali na watoto.

4. Waya inayotoka kwenye tangi iachwe ining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

5. Betri ya kuongezwa maji iongezwe maji ya betri, si ya bomba. Na isiachwe tupu siku nyingi.

6. Kila mwezi, mchana ukiwa nyumbani, zima umeme wa ukutani kwenye mpango huo na uhesabu saa. Betri ambayo haijajaribiwa usiitegemee usiku.

7. Weka chumbani kwako ile balbu ya chaji inayojiwasha umeme ukikatika. Ikiwaka, unajua kumekucha kwa samaki. Nenda ukatazame mapovu.

Na jenereta je? Jenereta ni nzuri kwa siku ambayo umeme umepotea mchana kutwa, unaiwasha saa chache kuchaji betri. Lakini haijiwashi yenyewe, inataka petroli, na kamwe isiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye varanda iliyozibwa, moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Samaki wana thamani, lakini hawazidi watoto wetu.

Kama huna betri leo

Tusiwaache mikono mitupu wale ambao bado. Umeme ukikatika, jambo la kwanza: usiwalishe samaki. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi zaidi, na kukaa na njaa siku moja hakumdhuru. Pili, chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu yapige kelele, kila baada ya dakika chache. Ni kazi ya kuchosha, pangeni zamu na watoto wakubwa. Tatu, kama una maji ya akiba yaliyokaa wazi siku nzima, punguza ya tangi uongeze hayo polepole. Usitumie ya bomba moja kwa moja, dawa yake inadhuru. Nne, wapunguze. Tulikwisha kuona katika ile hesabu kwamba kilo 2 zilipata saa 6 na kilo 10 zikapata saa moja. Kupunguza idadi ni betri isiyonunuliwa.

Na umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiharakishe kuwasha chujio lililokuwa limefungwa. Wale wadudu wadogo wasioonekana wanaosafisha maji nao wanavuta oksijeni. Wakiikosa wanakufa, na maji yaliyotuama ndani ya chujio yanakuwa sumu. Mwaga kwanza maji hayo, suuza chujio kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Pendekezo letu kwa kikundi

Sasa tunafika kwenye sanduku.

Mwanachama akikopa akanunua vifaranga, tena vifaranga vyenyewe safari yao ni ndefu, maana vituo vya serikali kama Ruhila kule Songea na Kingolwira kule Morogoro haviko jirani, amekwisha kutumia fedha ya vifaranga, ya mifuko ya oksijeni, ya nauli na ya chakula chao. Usiku mmoja wa giza unaweza kuzimaliza zote. Kesho yake asubuhi samaki wamekufa, lakini deni liko palepale kwenye daftari. Samaki hufa, marejesho hayafi. Mkopaji akishindwa, wanaguswa wadhamini wake wawili. Wadhamini wakilipa kwa hisa zao, mgawo wa mwisho wa mwaka unapungua kwa wote, pamoja na yule bibi anayeuza nyanya ambaye hajawahi hata kuona pampu. Zaidi ya fedha, majirani wanaanza kukwepana njiani. Na kikundi huvunjika pale wanachama wanapoanza kukwepana, hata kama fedha ipo.

Kwa hiyo Kamati ya Miradi inaleta kwenu mapendekezo manne, ili yajadiliwe kwenye mkutano wa kwanza baada ya sherehe hii:

Kwanza, mkopo wa samaki wa matangini uanze na betri. Mwombaji aonyeshe pampu na betri yake vikifanya kazi kabla ya kupewa fedha ya vifaranga. Kama hana, apewe kwanza mkopo mdogo wa betri, akiumaliza ndipo aombe wa samaki.

Pili, wadhamini waende kuona jaribio. Umeme uzimwe mbele yao, saa zihesabiwe, na idadi ya saa iandikwe kwenye fomu ya mkopo.

Tatu, wanaohitaji wanunue kwa pamoja. Watu sita wakienda dukani na daftari moja wanasikilizwa kuliko mmoja mmoja, na dhamana ya muuzaji iandikwe kwenye risiti.

Nne, kikundi kimwombe Afisa Uvuvi wa Halmashauri aje atufundishe ni kilo ngapi za samaki zinafaa kwa tangi la lita ngapi huku kwetu juu. Na vijana wetu wanaotaka kusomea kazi hii wajue kwamba vipo vyuo vya uvuvi vya FETA, kama Mbegani kule Bagamoyo na Nyegezi kule Mwanza.

Tunajua pendekezo la kwanza litawakera baadhi. Mtu ana hamu ya kuanza, anaambiwa asubiri kwa ajili ya betri. Wengine watasema tunawawekea vikwazo wenye kipato kidogo. Tumelifikiria hilo sana. Lakini mwenye kipato kidogo ndiye asiyeweza kuvumilia hasara ya usiku mmoja. Mwenye nacho akipoteza samaki atanunua wengine. Asiye nacho akipoteza samaki anabaki na deni. Huyo ndiye betri inamlinda, na huyo ndiye kikundi hiki kiliundwa kwa ajili yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, nawe ukipata nafasi ya kutuunga mkono, usituletee samaki kwanza. Tuletee fundi wa kutufundisha, au utudhamini tupate betri chache za kuanzia kwa mkopo ambao tutaurejesha kama tulivyozoea kurejesha.

Akina mama, kwa miaka 10 tumekuwa tukiweka kidogo kila wiki kwa ajili ya siku tusiyoijua. Betri inafanya hivyohivyo, inaweka umeme kidogo wakati upo, kwa ajili ya saa ambayo haupo. Jambo hili si geni kwetu. Ni kulipeleka tu kwenye tangi.

Tunawatakia wote maadhimisho mema, na miaka mingine 10 yenye baraka.